Kutoka Mashua hadi Helikopta: Historia ya Usalama wa Wanaovushwa Maji kwa Ajili ya Kazi, kwa Kurejelea Mbinga na Mwambao wa Ruvuma wa Ziwa Nyasa, 1895–2022

Utangulizi

Tarehe 2 Septemba 1895, Askofu Chauncy Maples wa Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati (UMCA) alizama katika Ziwa Nyasa akiwa safarini kurejea Likoma. Alikuwa amewekwa wakfu London miezi michache tu kabla ya hapo. Mashua yake ilipinduliwa na dhoruba upande wa kusini-magharibi wa ziwa, karibu na Salima. Kumbukumbu za misheni zinasimulia kwamba joho lake zito lilimvuta chini, ilhali baadhi ya mabaharia wenyeji waliokuwa pamoja naye walifika nchi kavu. Mwandamani wake Mwingereza naye alikufa maji katika ajali hiyo hiyo.

Wanahistoria wa Kanisa wamekiweka kifo hicho katika orodha ya mashahidi wa misheni. Kwa mwanahistoria wa kazi, tukio hilo lina maana nyingine. Hapa alikuwapo mtu aliyevushwa maji na taasisi iliyomtuma, ndani ya chombo ambacho hakukichagua mwenyewe, akiwa amevaa vazi la kazi lisilofaa kwa maji, na hapakuwa na chombo cha pili cha kumfuata. Miaka 90 baadaye, wachunguzi wa ajali za helikopta zinazobeba wafanyakazi wa mafuta baharini walikuwa wakiuliza maswali yale yale: chombo kikipinduka, mtu anajinasuaje? Amevaa nini? Nani anakuja kumwopoa, na baada ya muda gani?

Insha hii inafuatilia historia ya maswali hayo katika mwambao wa Ziwa Nyasa ulio katika mkoa wa Ruvuma, eneo lililokuwa sehemu ya wilaya ya Mbinga hadi lilipomegwa mwaka 2012 na kuwa wilaya ya Nyasa, makao yake yakiwa Mbamba Bay. Hakuna jukwaa la mafuta ziwani humo. Hata hivyo, tangu mwaka 2011 ziwa hilo limekuwa eneo la utafutaji wa mafuta linalogombewa, na njia kuu inayotoka bandari ya Mtwara, kituo cha helikopta za gesi ya bahari kuu, inaishia Mbamba Bay. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba sekta ya mafuta ilijifunza vizuri nusu ya kwanza ya usalama, yaani kumfundisha na kumvika msafiri, na kwamba nusu hiyo husafiri pamoja na mkataba wa ajira na kuondoka nao. Nusu ya pili, yaani uokoaji, daima imekuwa mali ya ufukwe ulio karibu. Katika mwambao wa Ruvuma, ufukwe huo ni wa wavuvi.

Ziwa na vyombo vyake

Ziwa Nyasa lina urefu wa kilomita zaidi ya 550, upana unaofikia kilomita 75, na kina kinachofikia takriban mita 700. Uso wake uko kiasi cha mita 474 juu ya usawa wa bahari. Kati ya Mei na Agosti hupigwa na upepo mkali wa kusi, ambao upande wa Malawi huitwa mwera. Upepo huo husafiri urefu wote wa ziwa bila kizuizi, na mawimbi yake hufika kaskazini yakiwa yamekomaa. Mwambao wa Ruvuma, kuanzia Lituhi hadi mpaka wa Msumbiji, una ghuba chache za kujificha; zilizo bora ni Liuli na Mbamba Bay. Nyuma ya mwambao huo ardhi inapanda kwa ghafla kuelekea milima ya Umatengo, ambako mji wa Mbinga uko katikati ya mashamba ya kahawa na ya ngoro. Mvuvi wa Ngumbo au Lundo huitazama milima hiyo kabla ya kusukuma mtumbwi, na hali ya mawingu kileleni ndiyo taarifa yake ya hali ya hewa.

Liuli iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani kwa sababu ya mwamba wake unaofanana na sanamu ya Misri. Ndipo ilipovutwa nchi kavu kwa matengenezo meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann, na hapo ndipo mnamo 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen iliishambulia. Inasimuliwa kwamba nahodha Berndt, ambaye hakuwa na habari kwamba vita imeanza, alipiga makasia kwa hasira kwenda kumuuliza rafiki yake Rhoades kama amelewa. Kisa hicho hurudiwa kwa kicheko katika vitabu vingi. Kwa mada ya insha hii kinathibitisha jambo dogo tu: vyombo vyenye nguvu ziwani vilikuwa vya dola na misheni, na wenyeji walikuwa mabaharia, wakata kuni wa boila na wapagazi wake. William Percival Johnson, mmisionari aliyetumia takriban nusu karne akizunguka ziwani katika boti, alifariki na kuzikwa hapo hapo Liuli mwaka 1928. Hospitali ya Kianglikana iliyokua kutokana na kazi ya misheni hiyo bado ni miongoni mwa mahali pachache mwambaoni ambapo mtu aliyeopolewa majini anaweza kupata daktari.

Ajali kubwa kuliko zote zinazojulikana ziwani ni ya tarehe 30 Julai 1946, katikati ya msimu wa kusi. Meli mpya Vipya, iliyokuwa katika mojawapo ya safari zake za kwanza, ilipinduka katika bahari iliyochafuka upande wa kaskazini-magharibi wa ziwa. Watu wapatao 145 walikufa. Meli ilipinduka haraka, na abiria waliokuwa wamejikinga ndani dhidi ya mawimbi na mvua ndio waliokuwa na nafasi ndogo zaidi ya kutoka. Mahali penye kinga wakati wa dhoruba pakawa mtego baada ya chombo kugeuka. Jambo hilo, ambalo mabaharia wa ziwa walilijua kwa uchungu mwaka 1946, lilikuja kuwa kanuni ya kwanza ya mafunzo ya helikopta miongo mitatu na zaidi baadaye, bila yeyote kurejea Ziwa Nyasa.

Somo la Bahari ya Kaskazini

Helikopta iliingia katika kazi ya mafuta kwa sababu ya umbali na mawimbi. Uchimbaji ulipoondoka katika maji mafupi ya Ghuba ya Meksiko na kwenda Bahari ya Kaskazini katika miaka ya 1960 na 1970, kumhamisha mfanyakazi kutoka boti hadi jukwaani kwa kamba na kikapu kukawa hatari yenyewe. Helikopta ilifupisha safari ya siku nzima ikawa saa moja au mbili. Lakini umbile lake lina kasoro isiyoondoka: injini na sanduku la gia viko juu ya paa, na mafuta na abiria viko chini yake. Ikitua majini, hata kwa utaratibu, wimbi moja la ubavuni linatosha kuigeuza. Abiria anajikuta kichwa chini, amefungwa mkanda, maji puani, na mkono unaotafuta mlango unautafuta upande usio wake.

Tarehe 6 Novemba 1986 helikopta aina ya Chinook iliyokuwa ikirudisha wafanyakazi kutoka katika majukwaa ilianguka karibu na uwanja wa Sumburgh, visiwa vya Shetland. Kati ya watu 47 waliokuwemo, 45 walikufa. Chanzo kilikuwa gia iliyovunjika, rafadha mbili zikapoteza mwafaka na kugongana. Aina hiyo ya ndege iliondolewa katika kazi ya kubeba abiria wa mafuta, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mitambo ya kupima mtetemo wa gia na injini ilianza kufungwa katika helikopta za Bahari ya Kaskazini. Kati ya matukio hayo mawili ulitokea mlipuko wa jukwaa la Piper Alpha, tarehe 6 Julai 1988, ulioua watu 167 na kuzaa ripoti ya Jaji Cullen yenye mapendekezo 106. Ripoti hiyo ndiyo iliyobadili falsafa nzima: mwajiri hakutakiwa tena kutii orodha ya kanuni pekee, bali kuthibitisha kwa maandishi kwamba amezitambua hatari zake na kuzidhibiti.

Ajali ya Machi 1992 kwenye jukwaa la Cormorant Alpha inastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Helikopta ilikuwa inawavusha watu mwendo wa dakika chache tu, kutoka jukwaani hadi katika jengo la malazi linaloelea lililokuwa karibu. Ilianguka katika dhoruba ya theluji. Kati ya watu 17, watu 11 walikufa, na baadhi yao walikuwa wameshajinasua na kutoka nje ya chombo. Waliuawa na baridi, mbele ya macho ya jukwaa lenye taa. Mapitio yaliyofuata nchini Uingereza, yaliyochapishwa mwaka 1995, yaliitazama safari kama mnyororo mmoja: kutua, kujinasua, kuelea, kuokolewa. Mnyororo ukikatika popote, kazi iliyofanyika kabla ya hapo huwa bure.

Mafunzo ya kujinasua chini ya maji yamejengwa juu ya mnyororo huo. Chumba cha chuma mfano wa helikopta hushushwa katika bwawa na kugeuzwa, wanafunzi wakiwa ndani wamefunga mikanda. Hufundishwa kushika ukingo wa dirisha kwa mkono mmoja kabla ya maji kuingia, kwa sababu chombo kikishageuka mkono huo ndio pekee unaojua mlango uliko. Hufundishwa kusubiri hadi mzunguko ukome, kusukuma dirisha kwanza na kufungua mkanda mwisho, maana aliyefungua mkanda mapema huelea ndani na kupotea. Ni elimu ya mwili zaidi ya kichwa, na ndiyo maana cheti chake hudumu miaka minne tu kabla ya kurudiwa.

Elimu hiyo haikukamilika kwa mara moja. Machi 2009 helikopta aina ya S-92 ilianguka baharini mashariki mwa Newfoundland, Kanada, baada ya kupoteza mafuta ya sanduku la gia. Kati ya watu 18 alipona mmoja. Agosti 2013 nyingine ilianguka Sumburgh na kuua wanne. Mwaka uliofuata, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza ilidai kila abiria awe na kifaa cha dharura cha kupumulia chini ya maji, na tangu Aprili 2015 mtu mwenye mabega mapana kupita sentimita 56 hukaa kando ya dirisha linalomtosha. Aprili 2016, karibu na Turøy nchini Norway, rafadha kuu ilichomoka angani na watu 13 wakafa, huku mitambo ya kupima mtetemo ikiwa haikutoa onyo lolote. Katika ajali hiyo mafunzo ya bwawani yasingemsaidia mtu yeyote. Inafaa kulisema hilo, kwa kuwa maandishi ya sekta hii hupenda kuisimulia historia yake kama ngazi inayopanda daima.

Mtwara: usalama uliokuja na mkataba

Gesi ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974 na ile ya Mnazi Bay mwaka 1982, zote katika maji mafupi au nchi kavu, ambako boti zilitosha. Hali ilibadilika kuanzia mwaka 2010 visima vya kwanza vya kina kirefu vilipochorongwa na kugundua gesi katika maeneo yaliyopewa majina ya Pweza, Chewa na Chaza. Februari 2012 kampuni ya Statoil ilitangaza ugunduzi wa Zafarani, katika maji yenye kina cha zaidi ya mita 2,500. Meli za kuchoronga zilikaa makumi ya kilomita kutoka pwani ya Lindi na Mtwara, na uwanja wa ndege wa Mtwara ukawa kituo cha helikopta.

Kanuni zilizokuja na helikopta hizo hazikutungwa Dar es Salaam. Zilikuja katika mikataba ya kampuni za kimataifa, zikiwa zimeandikwa kwa wino wa Sumburgh na Piper Alpha. Marekebisho yalikuwapo: mafunzo ya nchi za joto hayadai vazi zito la kuzuia baridi, kwa sababu katika maji ya nyuzi 25 vazi hilo humchosha mtu kwa joto kabla hata hajapanda. Mtanzania aliyeajiriwa melini alipata cheti kile kile alichonacho mwenzake wa Aberdeen. Huo ulikuwa usawa wa kweli, na haufai kubezwa.

Lakini ulikuwa usawa wa walio na kitambulisho cha kazi. Fundi aliyegeuzwa kichwa chini bwawani Jumatatu alipanda boti ya kawaida au basi la usiku akirudi kwao likizo, na huko hakuna aliyemuuliza chochote. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia mwaka 2014, uchorongaji ulipungua, mikataba ikaisha na vyeti vikamaliza muda wake. Ujuzi uliobaki nchini ulikuwa katika miili ya watu mmoja mmoja, na haukuwekwa katika taasisi ya umma inayoweza kuurithisha kwa mabaharia wa maziwa. Hapa ndipo tofauti kati ya kanuni ya kampuni na sheria ya nchi inapoonekana wazi. Baada ya MV Bukoba kuzama tarehe 21 Mei 1996 na kuua mamia ya watu katika Ziwa Viktoria, Tanzania ilijenga polepole mfumo wake: chombo cha udhibiti wa usafiri wa nchi kavu na majini, SUMATRA, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2001, Sheria ya Meli ya mwaka 2003, na baadaye TASAC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2017. Mfumo huo unakagua meli na boti. Haumfundishi abiria kutoka katika chombo kilichopinduka, ingawa MV Bukoba ilielea ikiwa imepinduka kwa muda, watu wakiwa hai ndani yake, na jaribio la kuitoboa likaiachia hewa iliyokuwa ikiishikilia.

Mafuta chini ya mpaka unaobishaniwa

Mwaka 2011 Malawi iliipa kampuni ya Uingereza, Surestream Petroleum, leseni za kutafuta mafuta katika vitalu viwili vya ziwa. Katikati ya mwaka 2012 serikali ya Tanzania ililalamika hadharani kwamba ndege za utafiti zilikuwa zikiingia katika anga yake juu ya ziwa, na ikataka shughuli zisimame hadi suala la mpaka limalizwe. Wakazi wa Mbamba Bay na Liuli, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiona ndege chache sana, ghafla walijikuta katika taarifa za habari za Bunge. Wavuvi walikuwa na hofu ya haki: kama maji ni ya Malawi hadi ufukweni, kama ramani ya upande wa pili inavyodai, basi kila atupaye wavu yuko nje ya nchi yake.

Mzizi wa mgogoro ni Mkataba wa Heligoland na Zanzibar wa tarehe 1 Julai 1890, ambamo Uingereza na Ujerumani ziliupitisha mpaka katika ufukwe wa mashariki. Malawi husimama juu ya maandishi hayo. Tanzania hudai mstari wa kati wa maji, ikitumia desturi ya sheria ya kimataifa na kifungu cha mkataba huo huo kinachoruhusu marekebisho kulingana na mahitaji ya mahali. Suala liliwahi kuibuliwa na serikali ya Mwalimu Nyerere mwaka 1967 na kukataliwa na Rais Kamuzu Banda. Baada ya mazungumzo ya mwaka 2012, usuluhishi ulikabidhiwa kwa viongozi wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano.

Maandishi juu ya mgogoro huu ni mengi, na karibu yote ni ya wanasheria. Swali la mfanyakazi halimo. Kama helikopta yenye watu 12 ingeanguka kilomita 20 magharibi mwa Liuli, boti ya nani ingekuwa na idhini ya kwenda? Swali hilo si la kubuni tu. Katika Ziwa Albert, ambalo nalo limo katika Bonde la Ufa na lina mafuta, mnamo 3 Agosti 2007 mkandarasi Mwingereza wa kampuni ya Heritage aliuawa kwa risasi katika mapambano kati ya walinzi wa upande wa Uganda na wanajeshi wa Kongo, karibu na kisiwa cha Rukwanzi, ambacho mpaka wake ulikuwa ukibishaniwa. Marais wa nchi hizo mbili walikutana Ngurdoto, Arusha, mwezi uliofuata, wakatia saini makubaliano. Mfanyakazi huyo hakuuawa na gia wala wimbi. Aliuawa na mstari usioonekana majini, na hakuna bwawa linalofundisha kujinasua kutoka humo.

Sheria ya kimataifa ina jibu ambalo halijatumiwa ipasavyo katika mjadala wa Ziwa Nyasa. Mkataba wa kimataifa wa utafutaji na uokoaji baharini, uliofanywa Hamburg mwaka 1979, unatamka kwamba kugawa maeneo ya uokoaji hakuhusiani na mipaka ya nchi wala hakuathiri madai yake. Mkataba huo ni wa bahari, si wa maziwa. Hata hivyo fikra yake inaweza kuazimwa na nchi mbili kwa barua ya kurasa chache: Tanzania na Malawi zinaweza kukubaliana boti gani itoke bandari gani bila yeyote kukiri kwamba maji ni ya mwenzake. Makubaliano ya namna hiyo ni rahisi kuliko kuupata mpaka, na hayahitaji kuusubiri.

Ziwa lenyewe nalo lina masharti yake. Joto na mwinuko hupunguza nguvu ya kunyanyua ya rafadha. Upepo hushuka kwa mikupuo kutoka milimani. Kuna miezi ambapo makundi ya wadudu wadogo wa ziwani huinuka kama nguzo za moshi, marefu kiasi cha kumficha mtu upeo wa macho. Kina kikubwa kinamaanisha kwamba chombo kilichozama karibu tu na ufukwe wa miamba kinaweza kuwa kimetoka katika uwezo wa mpiga mbizi yeyote. Oktoba 2017 helikopta iliyobeba watu watano ilianguka katika Ziwa Nakuru nchini Kenya, ziwa lenye kina cha mita chache tu. Kuitafuta pamoja na waliokuwemo kuliendelea kwa siku nyingi.

Makasia ya Bukoba

Tarehe 6 Novemba 2022, siku na mwezi ule ule wa ajali ya Chinook, miaka 36 baadaye, ndege ya abiria ya Precision Air aina ya ATR 42 ilianguka katika Ziwa Viktoria ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Ilikuwa na watu 43. Wakafa 19, wakapona 24. Haikuwa helikopta, na abiria wake hawakuwa wafanyakazi wa mafuta. Lakini ni tukio lililo karibu zaidi, katika historia ya Tanzania, na lile ambalo wapangaji wa safari za anga juu ya maziwa wanapaswa kulijiandalia.

Ndege iliangukia karibu na ufukwe, sehemu kubwa ya mbele ikazama na mkia ukabaki nje. Wa kwanza kufika walikuwa wavuvi. Kijana mmoja wao alisifiwa na taifa zima kwa kusaidia kufungua mlango wa nyuma kwa kasia. Marubani wawili, waliokuwa mbele, hawakutoka. Taarifa ya awali ya uchunguzi ilionyesha kwamba uokoaji wa mwanzo ulikuwa wa wavuvi hao, na kwamba vikosi rasmi vya majini vilichelewa na vilifika na vifaa pungufu.

Afrika ya Magharibi ilikuwa imeona mfano wa aina hiyo. Agosti 2015 helikopta aina ya S-76 iliyokuwa ikirudi Lagos kutoka katika mtambo wa kuchimba mafuta ilianguka katika wangwa wa jiji hilo. Sita kati ya 12 walikufa, na watu wa vitongoji vya majini walikuwa miongoni mwa walioingia majini mapema kuwaopoa. Abiria hao walikuwa na mafunzo. Walioshuka kuwatoa hawakuwa nayo.

Tukio la Bukoba mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya ushujaa, na lilikuwa hivyo. Likisomwa kwa jicho la mnyororo wa mwaka 1995, linaonyesha pia mahali pa kuanzia. Wavuvi walikuwa na vitu viwili ambavyo havinunuliwi kwa zabuni: ukaribu na ujuzi wa maji yale. Walichokosa ni vitu vidogo: kujua mlango wa dharura wa ndege unafunguliwaje kutoka nje, kamba, shoka la kukatia bati, na mtu mmoja wa kuwapa amri. Kampuni inayopeleka wafanyakazi juu ya ziwa inaweza kuvitoa vitu hivyo kwa gharama isiyofika ile ya kumpeleka mhandisi mmoja bwawani.

Kwa mwambao wa Ruvuma, vipande vya mnyororo huo vimetawanyika lakini vipo. Barabara ya lami ya kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay imeikaribisha hospitali ya wilaya ya Mbinga kwa mgonjwa ambaye zamani angepita siku nzima juu ya miamba. Ujenzi wa bandari ya Mbamba Bay ni sehemu ya mpango wa ukanda wa maendeleo wa Mtwara. MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200, inafanya safari kutoka Kyela tangu mwaka 2021 na ina redio na maboya. Kati ya bandari hizo mbili, hata hivyo, vyombo vilivyo majini kila usiku ni mitumbwi ya usipa, kila mmoja na taa yake. Kutoka juu ya mlima wa Mbinga taa hizo huonekana kama mji. Rubani akishuka gizani kwa sababu ya gia iliyokwisha mafuta, atazielekea hizo, na watakaomsikia akianguka ni wale walioziwasha.